Sweta la chuo ni elfu hamsini na tano

Alhamisi moja jioni niko kwenye daladala natoka Kariakoo, nimebanwa pale karibu na mlango, simu inaita Wotsap, mdogo wangu kanitumia voisi. Mdogo wangu akituma voisi ya sekunde nne ujue ni salamu, akituma ya dakika mbili ujue ni hela. Hii ilikuwa ya dakika mbili na sekunde kumi na nane. "Kaka shikamoo, kaka za kazi, kaka pole na majukumu..." yani shikamoo, za kazi na pole kwa mpigo, nikajua leo nimekwisha. Mwishoni kabisa ndo akasema, kaka kontrol namba imetoka, nakutumia picha ya mchanganuo.

Sasa mimi kazi yangu ni uhasibu, nashika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi, mtu ukinitumia mchanganuo umenitumia hadithi, nausoma mstari kwa mstari. Ada yenyewe mwaka jana ilikuwa 1,600,000, mwaka huu imekuwa 1,850,000, hakuna barua wala maelezo, imepanda tu kama bei ya nyanya. Haya hiyo tukaimeza. Chini yake ndo kuna kile kimkia. TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, 20,000, hiyo naijua, kila mwanafunzi wa chuo kikuu nchi hii anailipa. Bima ya NHIF 50,400, hiyo nayo sawa, na nawashauri wazazi msiifanyie ujanja, mtoto akiumwa usiku wa manane ndo utaelewa. Mtihani 60,000. Usajili 30,000, japo mtu alishasajiliwa mwaka jana na hajahama. Kitambulisho 10,000, wakati cha mwaka jana anacho na picha bado ni yake. Serikali ya wanafunzi 15,000. Michezo 25,000. Wiki ya Chuo 40,000. Alafu mstari wa mwisho, naunukuu kama ulivyo, "Vazi la utambulisho wa chuo 55,000".

Vazi la utambulisho ni sweta. Sweta la kofia, rangi ya bluu iliyokolea, limeandikwa jina la chuo kifuani na mgongoni kauli mbiu kwa Kiingereza inayosema mambo ya fahari na ndoto. Dar es Salaam hii. Sweta.

Nikapiga hesabu palepale kwenye daladala. Kimkia chote 305,400. Na ndani ya hicho kimkia vile vya furaha tu, yani michezo, wiki na sweta, ni 120,000. Hela ya kula na kulala wanayokopeshwa wanafunzi ni 10,000 kwa siku, ilitolewa 8,500 ikapelekwa hapo mwaka 2022. Kwahiyo huyu binti ili aonyeshe anakipenda chuo chake inabidi asile siku 12. Nilimwambia hivyo akacheka, akasema kaka wewe huna moyo wa chuo. Moyo wa chuo! Ndo neno lao sasa hivi, wamepewa na ofisi ya wanafunzi, wana hadi kamati.

Hapo ndo akanichokonoa, maana mimi nimesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimeingia 2012 nimetoka 2015, na hakuna mtu wa kuniambia sina moyo wa chuo. Ila sasa nikikaa nikijiuliza huo moyo niliupata wapi, naona hakuna siku chuo kilinilipisha ili nikipende. Sweta la chuo sikuwahi kuwa nalo. Tisheti niliyokuwa nayo ilikuwa ya kampeni ya mgombea mmoja wa DARUSO, serikali ya wanafunzi ya pale, ambaye hata sikumpigia kura, nililichukua kwa sababu lilikuwa la bure na lilikuwa saizi yangu. Boom letu, yani hiyo hela ya mkopo ya kula na kulala, lilikuwa 7,500 kwa siku, na likichelewa wiki mbili chuo kizima kinageuka familia moja, mnakula wali maharage sahani moja watu watatu, mwenye mafuta ya kupaka anapaka chumba kizima. Chumba chenyewe ni cha watu wanne kwenye karatasi, usiku mko nane, maana ilikuwa kubebana, kila mwenye kitanda ana mtu wake asiye na chumba, mnalala kichwa huku miguu kule. Yule niliyembeba mwaka wa pili ndo alikuja kuwa msimamizi wa harusi yangu. Harufu ya soksi zake naijua kuliko mke wake.

Na fahari ipo, isije ikaonekana nasifia shida tu. Noti ya 500 zile za zamani nyuma yake kulikuwa na picha ya Nkrumah Hall, wengi walikuwa wanaipokea kama chenji ya kondakta hata hawaangalii. Mimi mama yangu alikuwa anamwonyesha kila mtu kijijini, anaikunjua anasema hapa ndo anaposoma mwanangu, na kuna mzee mmoja akamuuliza, sasa hilo jengo mbona bovu hivyo (noti ilikuwa imechakaa mzee wangu, jengo halina tatizo). Hiyo ndo ilikuwa branding yetu, imechapishwa na Benki Kuu na mwanafunzi hukatwi hata senti. Mwaka 2014 wakaleta sarafu ya 500, noti zikaanza kupotea moja moja, mama akabaki na moja kwenye Biblia. Ipo mpaka leo.

Ukirudi nyuma zaidi ndo utachanganyikiwa kabisa. Baba mdogo wangu alisoma hapohapo Mlimani miaka ya themanini. Huyu mzee ukimsikiliza unaweza ukalia. Ada serikali, chakula serikali, kitanda serikali, vitabu serikali, na likizo ikifika unapewa waranti ya treni mpaka kwenu na kurudi. Anasimulia kuhusu nyama ya Jumapili kama mtu anayesimulia ndoto. Mwaka 1992 ndo wakatangaza uchangiaji wa gharama, pole pole nauli ikawa yako, chakula chako, kitanda chako, mpaka Bodi ya Mikopo ikaanza kazi 2005 na lile neno mkopo likawa jina la kati la kila msomi wa nchi hii. Mimi mwenyewe nilianza kurudisha kwa asilimia 8 ya mshahara, sheria ikabadilishwa 2016 nikashtukia salari slipu inasoma 15. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo waliifuta 2021, hapo nilishangilia peke yangu ofisini, bosi akadhani Simba wamefunga.

Ila baba mdogo ukimwambia nyie mlipendwa na serikali, anakukumbusha ya 1966, yeye hakuwepo alikuwa mtoto ila kila aliyepita Mlimani anaijua. Wanafunzi waliandamana hadi kwa Mwalimu Nyerere kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, maana walitakiwa watumikie miaka miwili na sehemu kubwa ya huo muda wanalipwa asilimia 40 tu ya mshahara, wakabeba na bango la kusema afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu akawafukuza karibu 400, alafu akajikata na yeye mshahara wake asilimia 20. Kwahiyo bure haikuwa bure kihivyo, ulikuwa unadaiwa, ila deni lilikuwa la namna nyingine. Sijui ni lipi bora. Mimi ukinipa nyama ya Jumapili na waranti ya treni naenda JKT hata kesho.

Na tuwe wakweli, kwenye vyuo vya umma ada yenyewe haijaruka sana, shahada nyingi bado inacheza kwenye milioni moja hadi moja na nusu kwa mwaka, kinachoua ni maisha, kodi ya geto, laptop, fotokopi, nauli ya kwenda fildi. Binafsi ndo kwenye moto, kuna udaktari unavuka milioni 5 kwa mwaka na mzazi analipa huku anatabasamu. Na hawa wa binafsi naelewa, hawana ruzuku ya mishahara, mwalimu mwenye PhD halipwi kwa maombi. Wanagombania wanafunzi walewale, kwahiyo wanafanya kama zinavyofanya kampuni za simu, wanauza raha. Ndo hizi wiki za chuo, Ijumaa ya rangi, mashindano ya kucheza, picha za ndege nyuki, kila kitu kinaenda Instagramu ili fomu six anayeangalia aseme mimi nataka pale. Wameiga Marekani bila shaka, ila huko Marekani kwenyewe vyuo kibao hela ya timu inachotwa kwenye malipo ya wanafunzi, na wanafunzi wa huko nao wanalalamika, kwahiyo tumeiga hadi malalamiko.

Basi nikalipa. Sio yote, nililipa nusu ya ada pamoja na kile kimkia chote kwa sababu mfumo haukubali kutenganisha, ukitaka kulipa bila sweta haukupi njia. Yani sweta ni lazima kama bima. Mkopo wake unafunika kipande tu cha ada, kinachobaki ni mimi, nikabakiza 180,000 nikasema nitamalizia mwezi ujao mshahara ukitoka.

Wiki ya Chuo yenyewe nilienda. Jumamosi, mdogo wangu anacheza netiboli timu ya kitivo chao akaniambia kaka ukikosa nakufuta. Nimefika saa nne asubuhi jua limeshakaa sawa, uwanja umezungushiwa riboni za bluu, kuna emsii ana suti na kuna jamaa amevalishwa vazi la simba la manyoya. Huyo jamaa jamani. Sitamsahau. Vazi zima la manyoya kuanzia kichwa, joto la Dar, anaruka ruka mbele ya wageni waalikwa, kila baada ya dakika kumi anakwenda nyuma ya hema anavua kichwa anamwagiwa maji na mwenzake kwa ndoo ya rangi, anavaa tena. Nilimfuata nikamuuliza unalipwa shingapi mdogo wangu, akanijibu, "Bro nimesamehewa hela ya kitambulisho." Elfu kumi. Kwa siku nzima ndani ya lile godoro.

Emsii akaanza kuwafundisha mwaka wa kwanza wito wa chuo, ule wa Kiingereza wa mgongoni mwa sweta. Anasema nusu, wao wanatakiwa wamalizie nusu. Wapi. Watu wanajibu kama wako kwenye msiba wa mtu wasiyemjua. Akarudia mara tatu, akawatishia zawadi ya vocha, wachache wakaitikia. Mie nikasema kimoyomoyo ndo hii sasa elfu 40.

Alafu mechi ikaanza. Netiboli, biashara dhidi ya ualimu. Upande wa ualimu, ndo kitivo cha mdogo wangu, kulikuwa na vijana sita hivi wana ndoo za maji tupu wanazipiga kama ngoma, na binti mmoja mfupi, sauti kama spika ya mnadani, akaanzisha wimbo wa kuwaimba watu wa biashara kwamba wanasoma kutafuta faida na hela ya chips hawana. Biti ya singeli, ndoo, makofi. Jukwaa zima likawaka. Watu wa biashara wakajibu kwamba walimu watapangiwa kijijini wakalipwe kwa mahindi. Nikakuta nimesimama. Nikakuta nimeimba! Mimi mtu mzima mwenye stakabadhi mfukoni ya malalamiko, naimba matusi dhidi ya watu wa biashara nisiowajua, mdogo wangu kule anafunga la kumi na moja ananionyesha kidole. Lile vazi la simba lenyewe likaacha wageni waalikwa likaja kucheza huku kwetu kwenye ndoo. Emsii kaita weeee, hakuna anayemsikia.

Nilitoka pale nimevuruguka kidogo. Maana ile raha ilikuwa ya kweli, na uwanja ule na mipira ile na jezi zile mtu amelipia, siwezi kudanganya kwamba zimeota. Ila kile nilichokipenda hakikuwa kwenye mchanganuo. Ndoo walizitoa hosteli.

Jioni tukapita kwa baba mdogo, binti kavaa sweta lake. Mzee akalishika, akaliangalia mshono, akasema zuri hili, wamewapa? Binti akanyamaza. Mimi nikataja bei. Baba mdogo akakaa kimya kama anayetafuta kitu kwenye kumbukumbu, alafu akauliza kama kuna saizi yake.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike haya yote. Wiki tatu baadae UE, ile mitihani ya mwisho wa semesta. Na mimi ule mshahara ulitoka ila ulitoka na mambo yake, mwenye nyumba, gesi, mtoto homa, ile 180,000 ikawa kesho, keshokutwa, nikajiambia mtihani ni Jumatatu nitalipa Jumatatu asubuhi. Jumatatu asubuhi bosi akatupeleka godauni kuhesabu stoo. Godauni la bati, ndani kabisa mtandao hakuna, na simu niliiacha kwenye koti mlangoni. Nahesabu nondo na mifuko ya saruji toka saa moja na nusu. Saa tano natoka kunywa maji, simu ina misd kolu 14.

Kilichotokea nimesimuliwa na watu watatu tofauti na wote wanasimulia sawa. Mtihani saa tatu. Kuingia unatakiwa uwe na kibali umekiprinti kutoka kwenye mfumo, na mfumo ukiona unadaiwa hata elfu kumi haukupi kibali, unakuandikia kwa rangi nyekundu wasiliana na uhasibu. Wako mlangoni kama tisa hivi wenye wekundu. Mdogo wangu kavaa lile sweta, jina la chuo kifuani, na aliyesimama mlangoni na orodha kavaa tisheti ya rangi ileile na maneno yaleyale. Akamwambia dada naomba ukae pembeni wenzako wapite. Hakumtukana, alimwambia vizuri tu. Binti akaenda kukaa kwenye ngazi, akaendelea kunipigia.

CR wao, yani kiongozi wa darasa, kijana mmoja mwembamba hivi nilimwona siku ya mechi anapiga ndoo, akatoka kwenye foleni. Huyo alikuwa na kibali chake mkononi. Akaandika kwenye grupu la darasa, "Wana watu wetu watatu wamezuiwa mlangoni tuokoe, tuma chochote namba yangu, dakika 20." Basi. Watu wapo kwenye foleni ya mtihani, vichwa vimejaa desa, wanatoa simu wanatuma. Elfu mbili, elfu tano, elfu moja. Kuna aliyetuma elfu kumi, huyo nadhani kwao wako vizuri. Walikuwa wanadaiwa watatu darasani kwao, wakaanza na mwenye deni dogo ili angalau mmoja aingie uhakika, akaingia. Mdogo wangu akawa wa pili. Kontrol namba ikalipwa, wakakimbia steshenari kuprinti, akaingia kachelewa dakika 25 nyuma ya wenzake. Wa tatu alikuwa anadaiwa laki sita na ushee. Hakuingia. Hiyo ndo imenikaa mpaka leo, maana mimi wa kwangu alikuwa na ndugu mwenye hela mfukoni ambaye anahesabu nondo, yule wa tatu sijui alikuwa na nani.

Nilimpigia binti saa nane, nikamwomba msamaha, nikamwambia maneno mengi. Akasema kaka yameisha, swali la nne lilikuwa gumu. Nikamuuliza ulivua lile sweta? Akashangaa, nivue kwanini, mle ndani kuna AC.

Usiku CR akanitumia orodha. Nilimwomba mimi, nikamwambia nataka kurudisha hela za watu, akasema bro achana nayo, nikasisitiza, mhasibu ni mhasibu. Akanitumia orodha ya majina na namba na kiasi, imepangwa vizuri kuliko mchanganuo wa chuo. Watu 43. Nikakaa kitandani mke wangu amelala nikaanza kutuma mmoja mmoja. Wengine walijibu asante, wengine hawakujibu, wawili walirudisha wakaandika mpe wa tatu.

Namba 37 kwenye orodha alikuwa ametuma 500. Mia tano. Nikaikumbuka ile noti ya mama. Huyo nikaona siwezi kumrudishia mia tano, itakuwa kama namtukana, nikamtumia elfu tano. Baada ya dakika mbili simu ikalia, nikajua ni asante.

Alikuwa amerudisha 4,500.